Chakula Kinapokuwa Dawa

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake, twamuomba msomaji atusikilize katika jambo ambalo tulikwisha kuulizwa mara moja tukalijibu, na tukalijibu vibaya.

Jioni moja, baina ya magharibi na isha, kijana mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu alibaki nyuma wenziwe walipotoka. Alikuwa na kikapu, akakimimina juu ya mkeka mbele yetu: chupa tatu za vidonge, kopo la unga mweupe, chupa ya mafuta yatokanayo na nazi, na vipakiti vya kutia katika maji ya kunywa. Akasema: "Sheikh, ni siku ya arubaini sili wali wala mkate wala chochote chenye wanga. Nafuata keto. Mwili umekuwa mwepesi na kichwa kimetulia. Lakini mamangu huandaa chakula nami sikigusi, na jana nilimkuta jikoni akilia. Je, nina makosa?"

Nasi tukamjibu kwa haraka, kwani muadhini alikuwa yu karibu kuadhini. Tukamkumbusha yale yajulikanayo na kila mtoto wa chuoni kuhusu kupunguza kula. Tukamwambia kuwa mwili ni amana, na aitunzaye amana husifiwa. Na mamake aseme naye kwa upole. Vile vitu vilivyokuwa juu ya mkeka hatukuvisoma. Hatukumuuliza ni nani aliyemuuzia, wala ana maradhi gani. Akakusanya vitu vyake akaenda zake hali amefurahi.

Kumbe kijana yule ana ugonjwa wa sukari tangu utotoni, ule ambao kongosho haitoi insulini kabisa, na kwa miaka kumi na tatu amekuwa akijidunga sindano kila siku. Na aliyemuuzia zile chupa alikuwa amemwambia kwamba asiyekula sukari hana haja ya dawa ya sukari. Yeye alikuwa akisitasita. Aliposikia sifa zetu, kusitasita kukamwondoka. Akaanza kuipunguza sindano, na siku ya sita akaiacha kabisa. Siku ya nane alichukuliwa hospitali usiku, akitapika, akihema kama aliyetoka mbioni, na pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Akatiwa maji na insulini katika mishipa, na kwa rehema ya Mola akasalimika.

Hatukumwambia aache sindano. Mbele ya kadhi pengine neno hilo lingetuokoa. Lakini mas-ala ya dhamiri hayaishi kwa kadhi, na tangu usiku ule swali limekuwa likitukaa moyoni: mtu asifuye nusu ya jambo ambalo nusu yake ya pili haijui, je, ana fungu katika madhara yatokayo humo? Tuliona kwanza kuwa hapana budi tulijue jambo lenyewe. Basi tukakaa na madaktari wawili wa mji wetu, tukasoma walichotupa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Chakula cha watu wa pwani kimesimama juu ya wanga: wali, mahamri, mkate, muhogo, ugali, viazi. Wanga ukiingia mwilini hugeuka sukari, na sukari ndiyo kuni ambayo mwili huikimbilia kwanza. Ini huweka akiba yake, lakini ni akiba ndogo, yapata ya siku moja tu. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, au akala lakini wanga asiutie ila kidogo mno, akiba ile humalizika, na ini huanza kuyavunja mafuta na kutoa kitu kiitwacho ketoni. Ubongo hauwezi kuyatumia mafuta yenyewe, bali ketoni huzitumia. Ndipo likatoka hilo jina la keto. Wenye kufuata utaratibu huu aghlabu hujiwekea mpaka wa gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku nzima. Na sahani moja ya wali uliopikwa, yenye uzani wa gramu 200, yapita gramu 50 peke yake. Msomaji na apime mwenyewe ni kiasi gani cha sinia yetu kitakachobaki.

Wala si jambo la jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani waliona kuwa watu wenye kifafa wakifungishwa chakula kwa siku nyingi mishtuko yao hupungua. Lakini nani awezaye kumweka mtoto na njaa maisha yake yote? Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Marekani, akapendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili mwili uwe kama uliofunga ilhali wala. Yeye ndiye aliyekipa jina. Chakula kile kilipimwa kwa mizani, kila mlo: katika namna yake iliyo kali, gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikichanganywa pamoja. Mwaka 1938 ikapatikana dawa mpya ya kifafa, fenitoini, na watu wengi wakaona kumeza kidonge ni wepesi kuliko kupima siagi, chakula kile kikawa kama kilichosahauliwa. Kilirudi katika miaka ya 1990, baada ya mtengeneza filamu mmoja wa Marekani, Jim Abrahams, kumwona mwanawe ambaye dawa zilishindwa naye akipata nafuu kwa chakula hicho. Na mwaka 2008 madaktari wa London walitangaza matokeo ya kuwajaribu watoto ambao dawa hazikuwafaa: baada ya miezi 3, katika waliopewa chakula kile, 38 katika kila 100 mishtuko yao ilipungua zaidi ya nusu, katika wasiopewa, ni 6 tu katika 100.

Hapa twasimama kidogo, ijapokuwa twatoka nje ya njia. Ni ajabu ya mambo kwamba kitu hiki, ambacho asili yake ni rehema kwa mtoto mwenye kifafa, kimetufikia sisi kikiwa ni cha watu wazima wanaotaka kiuno kipungue. Na mtoto wa kifafa katika mitaa yetu bado yuaambiwa ana jini, avukizwa na kuchanjwa, na kidonge cha bei rahisi cha fenobabitoni, kilichoanza kutumiwa tangu 1912, hakipati.

Turudi. Katika miaka ile ile ambayo Wilder alikuwa akipanga chakula chake, palikuwa na watoto wengine waliokuwa wakinyimwa wanga kwa sababu nyingine. Nao ni watoto wa maradhi ya sukari, kama kijana wetu. Kabla ya insulini hapakuwa na dawa. Daktari Frederick Allen wa New York aliwaweka katika chakula kidogo mno, hata wakabaki mifupa na ngozi, na kwa hilo aliwaongezea miezi, na wengine miaka michache. Kuponya hakuponya, ila alichelewesha mauti kwa njaa. Mmoja wao alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Alipofikishwa Toronto mwaka 1922, naye karibu ana miaka 15, uzani wake ulikuwa yapata kilo 20. Huko ndiko Frederick Banting na wenziwe walikoipata insulini, na mgonjwa wa kwanza alikuwa amedungwa mwezi wa Januari mwaka ule ule. Binti yule akadungwa, akala mkate, akakua, akaolewa akazaa, na akafa mwaka 1981.

Aliyemwambia kijana wetu kwamba asiyekula sukari hana haja ya sindano alimrudisha nyuma ya mwaka 1922 bila ya mwenyewe kujua. Kwani insulini kazi yake si kuishusha sukari ya chakula peke yake. Ndiyo mlango unaozuia mafuta yasivunjwe ovyo. Mtu mwenye insulini akiacha wanga, ketoni hutoka kwa kiasi, kama maji ya mfereji wenye mlango. Asiye na insulini hutokwa nazo kama gharika, damu ikageuka asidi, na hilo ni mauti ya siku chache. Majina ya hali mbili hizi yamekaribiana, na mwenye kuuza hufaidika kwa kukaribiana huko.

Na hata wale ambao sukari yao ni ile ya ukubwani, ambao madaktari wenyewe hukubali kuwa kupunguza wanga huweza kuwafaa sana, nao hawakusalimika wakienda peke yao. Dawa iliyopimwa kwa mtu alaye wali, akiimeza asiyeula, huweza kumshusha sukari hata akazimia. Na katika vidonge vipya vya sukari mna jamii ambayo ikichanganywa na keto huweza kuleta ile asidi hali ya kuwa kipimo cha sukari chaonyesha salama. Basi kipimo cha dawa ni lazima kibadilishwe, na mwenye kukibadilisha ni daktari.

Kutokana na haya tumeona kuwa kosa letu, na la wengi, ni kutotafautisha chakula na dawa. Tafauti yake haimo katika kitu chenyewe. Asali ni chakula na ni dawa. Chumvi ni kiungo, na katika hospitali ni tiba. Tafauti imo katika makusudio na kipimo. Chakula ni cha chungu kimoja, wale mzee na mtoto na mgeni aliyepita. Dawa ni ya mtu mmoja, kwa ugonjwa wake, kwa kipimo chake, mkononi mwa anayejua, na ina siku ya kutazamwa kama yafaa au yadhuru. Chochote kinachobadilisha kuni za mwili mzima, kikayasumbua maji yake na chumvi zake, hicho ni dawa hata kama kimewekwa katika sahani na kutiwa tui. Ibn al-Qayyim, katika aliyoyaandika juu ya tiba, ametaja kuwa matabibu wamewafikiana kwamba palipo na uwezo wa kutibu kwa chakula kusikimbiliwe dawa. Wako wanaolishika neno hili kuwa hoja ya keto. Lakini yeye asema kutibu, na kutibu kwataka mwenye kujua.

Hatusemi kuwa mtu mzima mwenye afya, aliyenenepa, akijaribu kuacha wanga amefanya munkari. Katika London ya mwaka 1863, William Banting (jina moja na yule wa insulini, watu wawili), ambaye kazi yake ilikuwa ni kuwazika watu, alitoa kijitabu kuwaeleza wenziwe alivyopunguza mwili kwa kuacha mkate, sukari na viazi, na watu wakamwiga. Wapunguao kwa njia hii wapo, na tunawajua. Ila ile furaha ya juma la kwanza aghlabu ni ya maji, kwani akiba ya sukari ikitoka mwilini hutoka pamoja na maji mengi. Na pale watu 609 wa California walipogawanywa mafungu mawili kwa mwaka mzima, hawa wakapunguza wanga na hawa wakapunguza mafuta, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha tafauti ya maana baina ya mafungu mawili katika kupungua uzani. Basi anayesema kuwa njia ni hii moja tu, amesema asilolijua.

Sasa tuje kwenye kikapu. Mwenye kufuata keto kwa ukali hupungukiwa kweli. Figo humwaga chumvi zaidi, ndipo kichwa kikauma na misuli ikakaza katika siku za mwanzo. Potasiamu na magnesiamu nazo hupungua. Na kwa kuwa matunda mengi na nafaka na kunde zimeachwa, hupungua makapi yanayolainisha choo na baadhi ya vitamini. Watoto wa kifafa walio katika chakula hiki hupewa na madaktari wao vitamini na madini ya mifupa kwa lazima, na bado hupimwa damu na figo, kwani baadhi yao hupata mawe ya figo na wengine hukua polepole. Kirutubisho cha namna hii ni cha kweli. Chajaza shimo lililochimbwa kwa kujua, na aliyelichimba analitazama.

Lakini twataka msomaji azingatie maana yake. Mlo ambao haukamiliki ila kwa chupa, chupa ile inashuhudia kuwa mlo huo ni tiba. Zamani mabaharia wa Uingereza walipofanya vidonda vya fizi kwa kula biskuti na nyama ya chumvi miezi mingi, daktari James Lind, mwaka 1747, aliwajaribu kwa machungwa na malimau, nao wakapona. Alichowarudishia ni chakula walichonyang'anywa na safari. Mtu akaaye Mombasa, na ndimu na mchicha na maembe yapo sokoni, akijinyang'anya mwenyewe kisha akanunua badali yake kwa bei mara kumi, angalau ajiulize ni safari gani aliyomo.

Katika kikapu kile mlikuwa na vya namna nyingine. Vile vipakiti vya kutia katika maji vilikuwa ni ketoni zenyewe, zilizotengenezwa kiwandani. Anywaye kipimo chake huonyesha ketoni katika damu, naye hufurahi akadhani mafuta yake yanaungua. Ukweli ni kwamba mwili huunguza kwanza kile alichokinywa. Kipimo kimepanda, na mafuta ya kiunoni yako pale pale. Mfano wake ni mtu aliyesugua kipaji kwa jiwe ili apate alama ya kusujudu. Alama anayo. Ama yale mafuta ya nazi yaliyochujwa, hayo yana asili, kwani tangu mwaka 1971 yametumiwa katika namna moja ya chakula cha kifafa, kwa kuwa ini huyageuza ketoni kwa wepesi. Lakini mtu wa sukari asiye na sindano, kumnywesha mafuta hayo ni kumwagia moto mafuta. Na nazi yetu yenyewe, iliyovuka bahari ikarudi katika chupa, haikumstahi mwenyeji.

Kuna waliotuuliza pia juu ya vifuko vya vidonge, kwani vingi ni vya jelatini, na jelatini huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika kitu kilichogeuka asili yake, na maneno yao ni marefu. Aliye na chaguo, na machaguo siku hizi yapo, na achukue kisicho na shaka.

Lililo zito zaidi ni la mwenye kuuza. Huko Marekani, zinakotoka nyingi katika bidhaa hizi, sharia ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa kirutubisho kuithibitishia serikali kabla ya kuuza kuwa kinafaa kama anavyosema. Basi maneno mazuri yaliyo juu ya karatasi ya chupa yasidhaniwe kuwa yamepita mbele ya mtu wa kuyahakiki. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipopita sokoni penye chungu ya nafaka alitia mkono ndani yake akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali na kumtaka unyevu ule auweke juu watu wauone. Chupa nayo ina unyevu wake. Kumwambia mnunuzi "hiki kitakupunguzia haja ya chumvi" ni juu ya chungu. Kunyamaza kumwuliza kama ana sukari au figo mbovu ni chini yake. Na imepokewa kuwa amtibuye mtu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni dhamini wa litakalotokea. Tulikuwa tukiisomesha hadithi hii miaka yote tukidhani inawahusu waganga.

Na lile swali la asili, la mama, ambalo tulilijibu kwa neno moja? Kijana yule alikuwa amefunzwa kuwa wali ni sumu, na hivyo ndivyo alivyomwambia mamake. Kuacha kitu kwa sababu ya mwili wako ni haki yako. Kukitia jina baya kilichohalalishwa ni jambo jingine, na Kur-ani imelikataza kwa uwazi katika Suratul Maida. Mtume aliandaliwa mnyama aitwaye dhabbu, asile, kwa kuwa hakumzoea katika ardhi ya watu wake. Na Khalid bin Walid akamvuta akamla pale pale, Mtume akitazama. Hakumharamisha, wala hakumvunja moyo aliyepika. Mama yule hakulia kwa ajili ya wali. Kwa miaka kumi na tatu yeye ndiye aliyekuwa akimpimia mwanawe chakula kwa kikombe ili kilingane na sindano, na sasa akaambiwa kuwa kwa miaka yote hiyo alikuwa akimlisha sumu.

Kijana amerudi darsani. Anajidunga, na mamake amerudi kwenye kikombe chake: wali kidogo kuliko zamani, samaki wa kupaka, na mchicha. Daktari amemwachia kirutubisho kimoja tu katika kikapu, baada ya kumpima damu na kuona ana upungufu wake, na vingine akaviweka kando.

Tulivichukua sisi, tukamwendea mwenye duka tukamtaka arudishe pesa, nazo zilikuwa nyingi, sehemu yake ni ada ya shule ya mdogo wake. Tukamwambia aliyomfanyia kijana, na tukamtajia hadithi ya dhamana. Alitusikiliza mpaka mwisho, akahesabu pesa za makopo mawili ambayo hayajafunguliwa, akaziweka juu ya meza. Kisha akasema: "Sheikh, yeye alinijia kabla ya kuacha sindano akaniambia kuwa sheikh wake amemsifu. Na wewe ulipomsifu, ulimuuliza kama ana maradhi?"

Tukazichukua zile pesa, tukatoka.